Shikamoo Kiooni

Chak. Chak. Chak-chak.

Niliusikia mkasi kabla sijachomeka ufunguo mlangoni. Ulikwenda kwa ule mwendo ninaoujua tangu sijaanza kutembea: mara mbili hewani, mara moja kwenye nywele, kisha kimya kidogo cha kitana kupita. Ila asubuhi hiyo kile kimya hakikuwepo. Mkasi ulikata hewa, ukakata tena hewa, na mlango wa duka letu ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Baba?"

"Kuna mteja," sauti yake ikajibu. "Subiri zamu yako."

Nikazungukia mlango wa nyuma, ule tunaomwagia maji machafu. Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti kikubwa, koti lake jeupe la kinyozi amelifunga vifungo kombo, chini amevaa suruali ya kulalia. Kitini hapakuwa na mtu. Alikuwa ameifunga shuka ya kunyolea kwenye mgongo wa kiti, akaikaza barabara pale ambapo shingo ingekuwa, na mkasi ukawa unatembea juu ya kichwa kisichokuwepo.

"Usitikisike," alikuwa akikiambia kiti. "Ukitikisika nitakutoa sikio, halafu mama yako aje kunisumbua."

Ningeweza kucheka. Baba alikuwa mcheshi, na utani huo huo amewafanyia watoto wa mtaa huu mpaka wakazaa watoto wao na kuwaleta. Lakini macho yangu yalikuwa mezani. Wembe wa kukunja ulikuwa umefunguliwa, umekwisha kunolewa, unang'aa.

Wembe ule ulikuwa wa babu. Ndiye aliyelifungua duka hili, ndiye aliyemfundisha baba kazi, na ndiye aliyeweka kanuni kwamba duka halifungwi kabla mwanafunzi hajaurudisha wembe kwa mwenye duka: umefutwa, umekunjwa, mpini mbele, kwa mikono miwili. Baba alifanya hivyo mbele ya babu. Mimi nimefanya hivyo mbele ya baba kila jioni, hata siku tulizokuwa tumegombana mpaka hatusemezani. Aliupokea, akautazama dhidi ya taa, akautia mfukoni mwa koti. Hapo ndipo siku ilipokwisha.

Sasa dada yangu alikuwa ananiambia nimnyang'anye.

Dada ni muuguzi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba lile si jambo la uzee. Mimi nilikuwa mkali. Mtu akisema dukani kwamba mzee siku hizi anasahausahau, nilimkata neno na wakati mwingine nilimkata nywele vibaya kwa makusudi. Nani asiyesahau? Baba alipomnyoa mteja mmoja, akamkung'uta, akamuaga, kisha yule mtu alipokuwa anavaa viatu akamwambia, "Karibu kiti, naona nywele zimekuzidi," watu walicheka na mimi nikacheka, nikasema mzee anatafuta mteja wa kudumu. Alipomnyoa mwalimu wa shule upande mmoja tu, akaikunja shuka na kumuaga kwa heshima zote, nilimkalisha mwalimu upya nikamaliza mwenyewe, huku nikimwambia huo ni mtindo mpya na bado haujafika shuleni kwao.

"Unamfunika," dada aliniambia. "Unamfunika kama kidonda. Kidonda kikifunikwa bila dawa kinafanya nini?"

"Baba hana kidonda."

"Ana ugonjwa kwenye ubongo, mdogo wangu. Ubongo nao ni kiungo. Moyo ukiugua mtu anachoka, mguu ukiugua anachechemea. Ubongo ukiugua unategemea afanyeje?"

Tulimpeleka kwa daktari, kijana mpole mwenye mwandiko wa kusomeka, jambo lililomfanya baba amshuku tangu mwanzo. Walimpima damu, wakampima shinikizo, wakamwangalia masikio na macho, kwa sababu, daktari alisema, yapo mambo mengine yanayoweza kumfanya mtu achanganyikiwe na yakitibiwa akarudi sawa. Ukosefu wa vitamini fulani. Dawa zinazogombana tumboni. Huzuni iliyokaa muda mrefu. Nilishika kila kimoja kama mtu anayezama. Vyote vikapita.

Kisha akampa karatasi, akamwomba achore uso wa saa. Baba alichora duara zuri, la mkono wa fundi. Namba akazirundika zote upande wa kulia.

"Na huku kushoto, mzee?" daktari akauliza.

"Huko nitamalizia," baba akasema. "Mteja alikuwa na haraka."

Mimi niliangua kicheko. Dada, ambaye wagonjwa hufa mikononi mwake na bado hurudi nyumbani akapika, aligeukia ukutani akalia.

Daktari alituambia wazi. Ugonjwa huu haurudi nyuma. Zipo dawa ambazo kwa baadhi ya watu hupunguza makali kwa muda. Shinikizo la damu lidhibitiwe, atembee, alale, awe na watu, awe na kazi anayoiweza, vitu vikae mahali pake. Visu na nyembe viondolewe mbele yake. "Na jamani," akasema akinitazama mimi, sijui nani alimwambia, "msimtahini. Acheni kumuuliza, mimi nani, leo siku gani. Anayeulizwa asichokijua kila siku huishia kuogopa watu wake."

Mimi nilikuwa nikimtahini kila asubuhi. Tukiwa kwenye chai.

Nikaamua kumshinda daktari. Mimi hutunga mashairi. Hakuna aliyenifundisha, nimejifunza kwa masikio na ukaidi, na dukani wananiita Malenga wa Mkasi, wengine kwa sifa, wengine kwa kejeli. Baba alikuwa kwenye kundi la kejeli. Alikuwa akisema mashairi yangu ni debe linaloviringika. Basi nikajiambia: maneno matupu humtoka, lakini vina vina ndoano. Nikamtungia ubeti, nimfundishe mpaka umnase:

*Mkeo yuko jikoni, mwenye kucheka kwa pua,*
*Binti yako yu wodini, wagonjwa awainua,*
*Mwanao yumo dukani, mkasi kauchukua,*
*Usiwe na hofu ndani, nyumba nzima yakujua.*

Nilimsomea tukiwa barazani. Alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vikipiga mizani gotini, na sikumbuki lini baba alinisikiliza namna ile. Nilipomaliza aliinua kichwa.

"Nani katunga?"

"Unafikiri nani?"

"Sijui. Lakini mwambie kijana huyo ana kipaji." Akanigusa bega. "Mwambie asiache. Mimi nina mwanangu anatunga, nitamwambia akajifunze kwake."

Niliingia ndani nikapiga ngumi mlango wa kabati mpaka mama akaja mbio. Maisha yangu yote nilikuwa nimeingoja sifa ile, na ilipokuja ilimkuta mtu mwingine.

Mama alinitazama mkono, akaufunga kitambaa, hakusema pole. Mama hakuwa na muda wa pole siku hizo.

"Wewe unataka akujue," alisema. "Mimi jana nilikuwa shangazi yake. Juzi nilikuwa jirani aliyekuja kuazima chumvi, akanipa na chumvi yenyewe, chumvi yangu! Leo alfajiri kaniita mke wangu. Nikavaa gauni zuri, nikakaa naye mpaka nikawa jirani tena."

"Unamdanganya, mama."

"Namfuata alipo. Wewe unamwita arudi uliko, na njia haipo. Nani kati yetu anamtesa?"

 Mama akicheka, hucheka kwa pua. Siku hiyo alitoa pumzi tu, akarudi jikoni.

Kilichonivunja kabisa kilitokea mlangoni mwa bafu. Nilikuwa nimetoka kuoga, taulo begani, nikakutana naye kwenye korido. Alisimama wima ghafla, akaweka mikono nyuma, akainamisha kichwa.

"Shikamoo baba."

Nieleze nini? Baba yangu mzazi, mvi kichwani, ananipa mimi shikamoo. Neno ambalo nimempa yeye kila siku ya uhai wangu. Niliona kama ardhi imepinduka, na kama ningeitikia ningekuwa nimemkalia baba kichwani. Nikapaza sauti.

"Usiniamkie! Baba, nitazame! Mimi mwanao! Mwanao!"

Akainua mkono kufunika sikio, kama mtoto anayengoja kofi. Babu, niliambiwa, alikuwa mtu wa kofi. Ukimwamkia asipoitikia ulijua umekosa, ila hukujua kosa gani, na ulikaa siku nzima ukilisubiri. Baba alishinda chumbani mpaka jua lilipozama, akikataa chakula, akimuuliza mama kama mzee bado kanuna.

Hayo yote ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu asubuhi ile, nilipokuwa nimesimama mlango wa nyuma nikiutazama wembe uliofunguliwa mezani. Nilijua nikiuchukua bila ruhusa yake ataona ameibiwa. Nikimwambia "nipe" atauliza wewe nani. Na moyoni, niseme ukweli, sikutaka kuwa mtu aliyemvua kinyozi wembe wake. Niliona ni sawa na kumzika huku anapumua.

Nikaanza kufagia sakafu safi.

Hapo akaingia Kipara. Kipara ni rafiki wa baba tangu ujana, na hana unywele mmoja kichwani, lakini haipiti siku asije kwa kinyozi. Alikuja kwa ajili ya ndevu, alivyosema, na kwa ajili ya kusema watu. Baba ndiye aliyemfungulia mlango wa mbele.

"Karibu mkuu," baba akasema, akamfungua shuka yule mteja wa hewa, akamkung'uta, akamuaga. "Kiti ni chako."

Kipara alinitazama. Nikatikisa kichwa: leo usikae. Akanikonyeza, akakaa.

"Mzee," nikamwambia Kipara, "mimi nitakunyoa leo."

"Wewe? Wewe uninyoe mimi? Shairi likikujia katikati ya koo langu itakuwaje?" Akajinyoosha kitini. "Miaka yote huyu ananinyoa kichwa kisicho na nywele na hajawahi kukosea. Leo nimwogope? Anza, ndugu yangu."

Baba akaanza. Na mikono yake, nawaambia, haikuwa imesahau kitu. Povu lilipanda kwa mzunguko wake uleule. Kidole gumba kiliivuta ngozi, wembe ukashuka shavuni kwa mkwaruzo mwembamba, ukapanguswa kwenye kitambaa, ukashuka tena. Shavu la kulia likawa safi. Nikashusha pumzi. Nikawaza: dada hajui, daktari hajui. Kipara alikuwa anasimulia habari za mpangaji wake, na baba alikuwa anaitikia "ehee" mahali panapostahili.

Kisha "ehee" ikakoma.

Niliinua kichwa. Baba alikuwa amekiinua kidevu cha Kipara kwa mkono wa kushoto, na wembe ulikuwa umetulia kooni, chini kidogo ya ule mfupa unaopanda na kushuka mtu anapomeza. Umetulia pale, haupandi, haushuki. Uso wa baba ulikuwa mtupu. Alikuwa hajui alichokishika, wala huyo aliyeketi mbele yake ni nani, wala ni kitu gani kinachofuata baada ya hapo.

"Baba," nikasema.

Hakusikia.

"Baba! Ondoa wembe!"

Alishtuka. Vidole vikaukaza mpini, na chini ya makali ngozi ya Kipara ikaingia ndani kidogo. Kipara aliongea bila kusogeza midomo, sauti nyembamba kama uzi.

"Usipige kelele, kijana. Usipige kelele kabisa."

Nikanyamaza. Ufagio ulikuwa bado mkononi. Sikuthubutu kusogea, tulikuwa mbali kidogo, na hatua moja mbaya ingemfanya ageuke. Baba akainua macho polepole, akatazama kioo kikubwa cha ukutani kutafuta ile kelele ilikotoka. Akanikuta humo.

Mama husema nimechukua sura ya babu. Kipaji cha uso kile, nyusi zile zinazogombana. Sijawahi kuona fahari katika jambo hilo. Niliona uso wa baba ukibadilika ndani ya kioo. Miaka ikamtoka mashavuni, mabega yakapanda, akawa mvulana aliyekutwa na bwana wake kabla kazi haijaisha.

"Shikamoo baba," akaniambia kiooni.

Wembe ulikuwa kooni mwa Kipara.

Niliufungua mdomo na neno halikutoka. Nilijua ni neno gani. Mtoto mdogo anajua. Lakini tangu nizaliwe ulimi wangu haukuwahi kulisema kuelekea upande ule, na kiburi changu chote, kiburi ambacho nimekilea kama ng'ombe wa maziwa, kilisimama kooni kikakataa kupisha.

"Sijamaliza, baba," akasema, na sasa mkono ulianza kutetemeka. "Sijui... nisamehe. Shikamoo."

"Mwitikie," Kipara akanong'ona. Chozi lilikuwa linamtoka kwenye kona ya jicho, linashuka kuingia sikioni. "Mwitikie, bwana wee, mwitikie!"

"Marahaba," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya babu, nzito, ya kutoka kifuani, sijui niliitoa wapi. Nikaona neno lile likimwingia. Lilimshika mabega likayashusha. Mtetemo ukatulia.

"Marahaba, mwanangu," nikasema tena, na safari hii halikuniuma. "Kazi ya leo imetosha. Lete wembe."

Akauinua kutoka kooni, wima, kama alivyofundishwa. Akaufuta kwa kitambaa, upande huu, kisha upande wa pili. Akaukunja. Akanigeukia, akapiga hatua, akaunyoosha kwangu, mpini mbele, kwa mikono miwili.

Niliupokea kwa miwili. Nikautazama dhidi ya taa, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Ulikuwa safi. Nikautia mfukoni mwa koti langu.

"Nimekosea, baba?"

"Hujakosea. Umenyoa vizuri."

Kipara aliendelea kukaa vilevile, kidevu juu, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Kisha akajishika koo, akatazama vidole, akakuta povu tu. Akajitazama kiooni: shavu moja limeng'aa, la pili lina povu na ndevu.

"Jamani," akasema, kwani habari ya ile saa nilimsimulia mwenyewe, "mtanimalizia, au nami nimekuwa ile saa ya daktari?"

Baba akacheka. Alicheka kwa sababu Kipara amecheka, nadhani. Mimi nilikwenda nyuma, kwenye mlango wa maji machafu, nikainama nikashika magoti. Nililia kama mtoto na sikujali nani anapita. Niliporudi, nilimnyoa Kipara shavu la pili kwa mashine, na hakuna aliyezungumza habari za wembe. Baba alikuwa ameokota brashi ndogo. Kila nilipomaliza sehemu, alipita na brashi shingoni mwa rafiki yake, taratibu, akipuliza vinywele, na hakuacha hata kimoja.

Nikampa taulo akunje. Alizikunja pembe kwa pembe, kingo zikalingana kuliko ninavyozikunja mimi. Nikampa chupa ya spiriti apanguse vitana. Kazi anayoiweza, daktari alisema. Nami nilikuwa nikidhani ni maneno ya kufariji watu.

Kipara aliondoka. Mlangoni alinishika mkono, akaubana, akasema tu, "Kesho nakuja."

Baadaye dada alikuja kumchukua baba, bado na viatu vyake vyeupe vya wodini. Alinitazama usoni, akatazama mfuko wangu uliotuna, akaelewa. Hakusema "nilikwambia." Akamshika baba mkono ampeleke nyumbani mama anakomngoja.

Baba alisita kizingitini. Akajinasua, akarudi mpaka mbele yangu, akajaribu kufunga vifungo vya koti lake vilivyokwenda kombo. Nikamsaidia kuvipanga, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Baba," akaniuliza, kwa sauti ndogo, "kesho nije kazini? Au hunitaki tena?"

Dada aligeukia nje. Nilimshika baba mabega yote mawili, nikamtazama machoni na si kwenye kioo.

"Njoo," nikamwambia. "Njoo kesho, na kesho kutwa, na kila siku utakayoamka na nguvu. Brashi ni yako, taulo ni zako. Na kila utakaponiamkia, mimi nitakuitikia. Hutaniamkia nikakaa kimya tena. Nakuahidi, mwanangu. Nakuahidi, baba."